Homoni zetu na chumvi ya Gongoni

Siku hizi Mombasa haikosi muuza unga wa "kusawazisha homoni", na akina mama wanautolea pesa za chakula. Na chumvi ivunwayo Gongoni na Marereni, hapa hapa Kilifi, sheria yataka itiwe madini joto tangu miaka ya 1970. Tezi ya shingo huyatumia kutengenezea homoni. Yakipungua sana hutokea rovu, na kwa mjamzito ubongo wa mtoto huathirika. Chumvi ghafi, ingawa ya bahari, haina ya kutosha. Sasa anayenunua ya kupima dukani atajuaje? Kupima ni kazi ya wakaguzi. Nyumbani kopo lifunikwe, likae mbali na jiko. Wala chumvi isiongezwe, presha nayo ipo: ni kidogo kile kile, chenye madini.