Je, Ni Qadari au Ni Uzembe Wangu?



Wapenzi wasomaji, mama zangu na dada zangu, juma lililopita baada ya darsa ya alasiri alinijia mama mmoja aliyemzika mjukuu wake miezi michache nyuma. Mtoto alishikwa na homa. Jirani alimhimiza ampeleke hospitali, naye akajibu kwamba kama siku yake imefika hata daktari hataizuia, na kama haijafika atapona. Siku ya tatu mtoto akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. "Sheikh," akaniuliza, "hii ilikuwa qadari ya Mwenyezi Mungu, au ni uzembe wangu?"

Swali lile lilinichoma, kwa kuwa siku ya maziko ni mimi niliyemwambia, "Ajali haina kinga, mama, subiri," kisha nikaenda zangu. Nilisema kweli, lakini niliisema nusu. Leo naimalizia nusu iliyobaki.

Kuamini qadari, kheri yake na shari yake, ni nguzo ya sita ya imani. Mwenyezi Mungu anayajua yote kabla hayajawa, wala haliwi ila kwa kutaka Kwake. Pamoja na hayo ametupa akili na hiari, akatuamrisha na kutukataza. Katika karne za mwanzo za Uislamu walitokea watu waliopotoka pande mbili. Jabriyya walisema mja ni kama unyoya katika upepo, hana alitendalo. Qadariyya walisema mja huviumba vitendo vyake mwenyewe. Imamu Abul-Hasan al-Ash'ari na wafuasi wake wakashika njia ya kati: Mwenyezi Mungu ndiye Muumba wa vitendo, na mja ndiye anayevichuma kwa hiari yake. Kwa chumo hilo ndipo atakapoulizwa.

Masahaba waliifahamu itikadi hii kwa vitendo. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa safarini kwenda Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh akapata habari kwamba huko kumezuka tauni. Ni tauni ya Amwas, mnamo mwaka wa 18 Hijria. Alipotangaza kurejea Madina, Abu Ubayda bin Jarrah (R.A.) alimuuliza iwapo anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Umar alikubali kwamba anaikimbia, lakini anaikimbilia qadari nyingine ya Mwenyezi Mungu huyo huyo. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka kwenye bonde lenye pande mbili, moja ina malisho na nyingine ni kame: upande wowote atakaowalisha, ni kwa qadari. Kisha Abdur-Rahman bin Awf (R.A.) akaja na hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayokataza kuingia penye tauni, na inayomkataza aliyemo ndani kutoka kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mola wake, akarejea.

Tazameni, Umar hakusema, "Kama siku zetu zimefika." Kutafuta sababu nako ni qadari. Dawa ni qadari, na jirani anayekuja kutuhimiza ni qadari iliyotupigia hodi mlangoni. Tuliyoandikiwa yamefichwa kwetu, na tuliyoamrishwa yamewekwa wazi. Vipi basi tutaacha tunalolijua kwa hoja ya tusilolijua? Hakuna mmoja wetu anayekaa jikoni bila kuwasha moto, akingojea wali alioandikiwa.

Mama yule nilimjibu hivi. Ajali ya mtoto ilikwisha wekwa, na hakuna ajuaye kama hospitali ingemponya. Mtume (S.A.W.) ametukanya tusizame katika "lau ningelifanya", kwani hapo ndipo shetani hupata kazi. Kwa hilo aipokee qadari, moyo utulie. Lakini kuchelewa kulikuwa chaguo lake, na hilo asiitupie qadari, alete toba. Wanazuoni wametufunza kwamba qadari ni hoja katika msiba, si hoja katika kosa. Na aliyetubia kwa kweli asijitese, maana Mola wake ni Mwingi wa kusamehe. Alilia sana, kisha akaniambia kwamba tangu siku ya maziko hakuna aliyempa nafasi ya kukiri.

Basi tunapokwenda kuwapa pole wafiwa, tusiwazibe vinywa kwa neno la qadari. Tuwasikilize kwanza. Na mtoto akishikwa na homa, mpeleke hospitali siku ile ile, kwani malaria yaweza kuwa kali ndani ya saa 24 tu. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu. Mpeleke, umwombee dua, kisha uridhike na litakalokuwa. Kuridhika huja mwisho. Tusikutangulize mbele ya jitihada.

Mwenyezi Mungu amjaalie mtoto yule awe akiba ya wazee wake Akhera, na atupe sisi sote ufahamu wa dini yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.