Jina la mtoto ambaye hajazaliwa

Leo nina la nyumbani, ingawa mtaona tarakilishi haikosi kujiingiza.

Mimi ni Mkikuyu wa Nyeri. Mke wangu ni Mjaluo, kwao ni upande wa Kisumu. Hatujajaliwa mtoto bado lakini majina tayari tunayabishania. Kwetu hakuna mjadala mrefu: mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Kwa Wajaluo jina huja na saa. Wa usiku ni Otieno au Atieno, wa asubuhi Okinyi au Akinyi, wa jua la utosi Ochieng' au Achieng'. Desturi hii naipenda sana. Ni kama ule muhuri wa saa ambao tarakilishi hubandika kwenye faili, ila huu mtu anaubeba maisha yote!

Basi tumeafikiana. Akitangulia msichana, na azaliwe saa sita mchana, ataitwa Mũthoni Achieng'. Mũthoni ni mama yangu.

Sasa litazameni jina hilo kwa jicho la mtengenezaji programu. Lina ũ yenye kiwimbi kichwani, na mwishoni lina ritifaa. Tulipokuwa tunakwenda kuwasalimu wakwe, tovuti moja ya tiketi za basi ilikataa jina la baba ya mke wangu, lenye ritifaa vilevile. Ikaandika kwa wekundu: "Jina si sahihi." Safari ya Kisumu ni zaidi ya kilomita 300, na mpaka tunafika Kericho mama alikuwa bado analizungumzia. Jina la babake si sahihi? Nani kasema?

Sababu naijua. Orodha ya herufi ya ASCII ilitolewa Marekani mwaka 1963 ikiwa na nafasi 128 tu, na ũ haimo. Ritifaa imo, lakini katika lugha ya SQL ndiyo inayofungua na kufunga maneno, kwa hiyo mvivu huona ni heri aipige marufuku kuliko kuipitisha jina kama kigezo, kazi ya mistari miwili mitatu. Lakini UTF-8 ipo tangu 1992, na humo ũ inakula baiti 2. Baiti mbili, jamani! Picha moja ya simu inakula mamilioni. Tatizo si nafasi. Aliyeandika fomu alimfikiria mteja fulani, na huyo mteja hakuwa mama mkwe wangu.

Pasipoti naisamehe kidogo. Ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine hukubali A hadi Z, tarakimu na alama ya kujazia pekee, kwa mkataba wa nchi zote. Tiketi ya basi haina mkataba huo.

Rafiki zangu wananishauri tumpe mtoto jina jepesi la Kizungu, yaishe. Sitaki. Ng na ng' si sauti moja, muulize yeyote anayejua tofauti ya ngoma na ng'ombe. Nataka mtoto huyu akaripiwe kwa Gĩkũyũ akiwa Nyeri, ajibu salamu kwa Dholuo akiwa Kisumu, akiteremka Mombasa Kiswahili kimtoke bila aibu. Nataka asafiri kuliko nilivyosafiri mimi. Na kila anapofika, asilazimike kukata kipande cha nyanya yake ili mashine impokee.

Kwa wenzangu wa kazi nina ombi moja dogo. Kabla hamjafungua mfumo wenu kwa watu, jaribuni kusajili jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Mzee alituacha mwaka 2025, lakini jina lake lina ũ, ĩ na ritifaa, yaani mtihani mzima kwa pamoja. Likikataliwa, rudini mezani.

Mke wangu yeye anacheka tu. Anasema labda mtoto atazaliwa mvua ikinyesha, aitwe Akoth, na hapo fomu itabaki kupigana na upande wangu peke yake.