Mtambo mpya wa biogesi hauwaki? Muulize fundi kabla hujammalizia fedha



Simu ninazopigiwa na watu waliojenga mtambo wa biogesi karibuni zinafanana: "Afisa, mtambo umekufa." Nikifika, mara nyingi naukuta mzima. Kilichokosekana ni maelezo. Fundi alimaliza kujenga, akalipwa, akapanda bodaboda. Baba alionyeshwa koki mbili tatu. Mama, ambaye ndiye anayepika, siku hiyo alikuwa shambani.

Msimamo wangu ni huu: usimmalizie fundi fedha yake mpaka moto umewaka jikoni, na anayepika amefundishwa kwa vitendo. Kubalianeni hivyo kwa maandishi kabla shimo halijachimbwa.

Fundi atasema gesi haitoki siku ya kukabidhi. Ni kweli. Mtambo ukijazwa mara ya kwanza huchukua wiki mbili hadi nne, na kwenye baridi huchukua zaidi. Naye ana familia, usimnyime jasho lake. Mlipe sehemu kubwa, bakiza kidogo, na siku moto ukiwaka mpe palepale.

Siku hiyo akirudi, hakikisha anawafundisha haya:

Gesi ipo lakini haishiki moto. Gesi ya mwanzo ina hewa na kabonidayoksaidi nyingi. Iachieni itoke nje, mbali na moto na sigara, kisha subirini ijae tena. Msijaribu kuiwasha kwenye mtambo wenyewe, inaweza kulipuka. Jaribuni jikoni tu.

Moto unacheza na kuzimika. Kuna maji ndani ya bomba. Fungueni koki ya kutolea maji, yatoke yote, kisha mfunge. Fundi awaonyeshe koki hiyo ilipo. Iwe sehemu ya chini kabisa ya bomba.

Moto ni wa njano na sufuria inakuwa nyeusi. Hewa haitoshi. Zungusheni kile kipete cha hewa kwenye jiko mpaka moto uwe wa bluu. Moto ukiruka juu ya jiko, hewa imezidi, punguzeni.

Moto ni mdogo siku zote. Angalieni jiko. La gesi ya mtungi lina tundu dogo, halifai kwa biogesi mpaka lirekebishwe. Nunua jiko la biogesi.

Gesi inaisha upesi. Pigeni hesabu ya kinyesi. Kilo 20 kwa siku, zikichanganywa na maji kiasi kilekile, hutoa takriban lita 800 za gesi, yaani jiko moja kwa saa mbili hadi tatu. Ng'ombe wawili wa kufungiwa bandani wanatosha kupata kilo hizo. Kama wako wanashinda malishoni, kinyesi kingi kinabaki porini. Fundi aliyekujengea mtambo mkubwa bila kuhesabu ng'ombe wako amekuuzia shimo.

Mtambo uliokuwa unafanya kazi umepoa ghafla. Kumbukeni mlichomwaga. Maji ya sabuni na dawa ya kuua wadudu huua vijidudu vinavyotengeneza gesi. Kinyesi cha ng'ombe aliyepewa antibiotiki nacho kiwekeni pembeni mpaka amalize dozi na siku chache zipite.

Mnasikia harufu ya yai bovu ndani. Gesi inavuja. Fungeni koki kuu, fungueni milango na madirisha, zimeni moto wote. Tafuteni tundu kwa povu la sabuni kwenye maungio. Kamwe msitafute kwa kiberiti.

Mambo haya hayahitaji shule kubwa. Hata hivyo nimeona mtambo uliogharimu thamani ya ng'ombe ukigeuzwa shimo la takataka kwa sababu ya maji kidogo kwenye bomba, na mama amerudi kubeba kuni kichwani. Hiyo inaniuma, maana koki ya kutolea maji ilikuwa hatua tano kutoka jikoni kwake, na hakuna aliyemwonyesha.

Kwa hiyo siku ya kukabidhiwa, baba, usisimame peke yako na fundi. Mwite anayepika, ashike koki kwa mkono wake, awashe na kuzima mwenyewe. Akiweza, mpe fundi fedha yake iliyobaki na chai juu.