Meza Mbili na Viti

Kijana mmoja mwandishi wa michezo alinijia barazani akilalama. Ati mchezo wake hauwezi kupigwa filamu, kwa kuwa hana fedha za kujengea nyumba jukwaani. "Maalim, nani atatazama jukwaa tupu?" Nikamwambia, "Keti, mwanangu, tutazame."

Tukatazama Our Town, mchezo wa Mmarekani Thornton Wilder uliochezwa kwanza mwaka 1938. Wetu ulikuwa ule uliopigwa filamu jukwaani na kuonyeshwa mwaka 2003, marehemu Paul Newman akiwa Msimamizi wa Jukwaa, anayesimama kando na kutusimulia habari za mji.

Nyumba hamna mle. Pana meza mbili, viti na ngazi. Kina mama wanachambua maharagwe yasiyokuwapo. Muuza maziwa anamsemesha farasi asiyeonekana. Mji wenyewe, Grover's Corners, ni wa kubuni. Watu wanapika, wanaoana, wanakufa. Basi. Kijana akapiga miayo, nami sikumlaumu. Sehemu ya kwanza huenda kama jahazi lililokosa upepo.

Lakini ngoja ya tatu! Emily amekufa akijifungua. Makaburi ni viti tu, na wafu wameketi wametulia. (Mimi niliyefunzwa habari za barzakhi tangu chuoni nilitikisa kichwa, ila televisheni sikuizima.) Anapewa kuirudia siku moja ya uhai wake, naye anachagua siku alipotimiza miaka 12. Mamake yumo jikoni, ana haraka, anasema hili na lile, wala hamtazami mtoto sawasawa. Emily hastahimili, aomba arudishwe kaburini.

Miayo ilikwisha.

Mwaka 1940 mchezo huohuo ulifanywa sinema, ukatiwa nyumba na bustani, na Emily akapona: kifo kikawa ndoto. Wilder aliridhia, na kazi ni yake. Mimi siridhiki. Jiko lililojengwa ni jiko la watu wengine. Katika lile lisilokuwapo nilimwona mama yangu, macho mekundu kwa moshi wa kuni, akinihimiza niwahi chuoni, nami natoka mbio bila kugeuka.

Kwa hiyo nawauliza wenye kamera na fedha: mnapomrudisha kijana kwa sababu hana nyumba za mbao na rangi, mmeyasoma maneno yake?

Wangu amerudi jana na karatasi zake. Nyumba amezifuta zote. Amebakisha mkeka na birika, na birika nalo ananiuliza kama tuliondoe.