Kufukia Tu Hakutoshi

Hapana mwananchi mwenye busara anayepinga kuchimbwa kwa mitaa yetu ili yapite mabomba ya maji na nyaya za umeme na simu. Mji wa Zanzibar umeizoea kazi hiyo tangu enzi za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ambaye katika utawala wake maji ya bomba yaliletwa mjini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 huduma hizo zilipanuliwa ziwafikie wanyonge waliokuwa wamesahauliwa. Kuchimba, basi, ni sehemu ya maendeleo. Tunalolisemea leo ni lile linalobaki baada ya wachimbaji kuondoka.

Kila mmoja wetu amekwisha kuliona. Njia ya waendao kwa miguu huvunjwa asubuhi, bomba hulazwa mchana, na jioni udongo hurudishwa juu juu, ukaachwa umefanya tuta kama kaburi. Mawe ya sakafu yaliyong'olewa hulundikwa ukutani mpaka yakapotea moja moja. Ukoka uliopandwa na kumwagiliwa kwa miaka kando ya barabara hugeuka kifusi. Maji yamefika, taa zimewaka, na taarifa inaandikwa kuwa kazi imekamilika.

Sisi tunasema haijakamilika. Udongo usioshindiliwa hushuka. Mvua za masika zikinyesha, tuta lile huwa handaki, maji yakatuama na mbu wakazaliana. Mchanga nao huchukuliwa mpaka mitaroni, mitaro ikaziba, na nyumba za mabondeni zikaingia maji. Katika Mji Mkongwe hatari ni kubwa zaidi, kwani nyumba zile za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji kutoka chini, na handaki lililoachwa kando ya msingi huyapeleka maji hayo ukutani. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hatuwezi kujivunia kuta zake huku tukiidharau sakafu ya vichochoro vyake.

Na anayeumia ni nani? Mwenye gari hulikwepa shimo akaenda zake. Anayeumia ni bibi mwenye mkongojo aendaye hospitali, ni kipofu aliyeijua njia yake kwa kuihesabu hatua, ni mtoto wa skuli anayelazimika kushuka barabarani katikati ya magari na pikipiki. Tulifundishwa chuoni, tungali wadogo, kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Vipi basi tuuvumilie udhia unaowekwa njiani kwa fedha za umma?

Kuirejesha njia si elimu ngumu. Udongo hurudishwa kwa tabaka zisizozidi shubiri moja, na kila tabaka hunyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya kuwekwa jingine. Udongo wa juu wenye rutuba hutengwa tangu siku ya kwanza, ili urudi juu na ukoka upate kushika. Mawe ya sakafu huhesabiwa na kuhifadhiwa. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1991 inamtaka achimbaye airejeshe njia yeye mwenyewe, na kanuni zake humfunga kwa dhamana ya miaka isiyopungua 2. Hatuna haja ya kuiga kila cha wengine, lakini jambo la haki halina mwenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mkataba wa kuchimba uwe pia mkataba wa kurejesha, na sehemu ya malipo izuiliwe mpaka msimu mmoja wa masika upite na njia ikaguliwe. Pili, sheha wa mahali hapo awe miongoni mwa wakaguzi, kwani ndiye anayegongewa mlango kwa malalamiko. Tatu, wahusika wa maji, umeme na simu wakae pamoja na manispaa kabla ya jembe la kwanza kupigwa. Ni hasara, tena ni aibu, mtaa kutiwa lami mwezi huu na kuchimbwa mwezi ujao.

Wananchi nao hatuwaachi. Wako wanaochimba usiku ili wajivutie maji bila ya kibali, wako wanaotupa taka katika handaki lililo wazi, na wako wanaoegesha magari juu ya ukoka uliopandwa upya jana. Mvunja nchi ni mwananchi, na lawama zetu kwa wakubwa zitakuwa na uzito pale tu mikono yetu itakapokuwa safi.

Shimo lililochimbwa katika njia ya umma ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Tunawaomba wakuu wa vyombo vinavyohusika, Unguja na Pemba, watoke maofisini kabla ya masika kuingia, waipite kwa miguu mitaa iliyochimbwa kwa amri zao. Miguu yao itawaeleza yale ambayo taarifa hazikuyaandika. Kazi imekamilika siku ile mpita njia atakapopita asijue kwamba hapo paliwahi kuchimbwa.