Tarehe au Nambari? Majina ya Vizazi vya Faili

Kuipa faili jina ni kazi inayodhaniwa kuwa ya karani, isiyostahili kushughulisha akili ya mwanasayansi. Lakini katika kompyuta kubwa, zile zinazoshika hesabu za mabenki, bima na serikali, jina lisilofikiriwa vema laweza kusababisha mshahara ulipwe mara mbili.

Msingi wake ni huu. Faili ya jana husomwa pamoja na mabadiliko ya leo, na kutokana na hayo mawili huzaliwa faili mpya. Ile ya zamani haifutwi. Huhifadhiwa ili mpya ikiharibika kazi ianzwe tena. Tangu enzi za kanda za sumaku mafundi wameviita vizazi hivyo babu, baba na mwana. Kampuni ya IBM, katika mfumo wake wa OS/360 uliotangazwa mwaka 1964, iliikabidhi mashine yenyewe utaratibu huo. Kila kizazi hupewa nambari: MSHAHARA.G0001V00, kisha MSHAHARA.G0002V00. Mwendeshaji hana haja ya kuikumbuka. Akiandika sifuri, hupata kizazi cha sasa. Kutoa moja, kilichotangulia. Kujumlisha moja, kitakachozaliwa.

Wako wanaopendelea tarehe badala ya nambari, na hoja yao ina uzito. Nambari 0347 haimwambii mkaguzi lolote. Tena, kazi ikishakwisha, kizazi kipya ndicho kinachokuwa sifuri. Mwendeshaji akiirudia kazi ileile kwa kupitiwa, mabadiliko ya leo huongezwa juu ya faili ambayo tayari yamo. Jina lingekuwa la tarehe, lingekutwa limekwisha kutumika, na kosa lingejulikana mapema.

Hata hivyo tarehe nayo ina mitego mitatu. Wa kwanza ni urefu. Sehemu moja ya jina haizidi alama 8, wala haianzi kwa tarakimu. D20240315 ina alama 9, kwa hiyo haikubaliki. Wengi waliikata karne, wakaandika kwa mtindo wa D991231. Mwaka 2000 ulipoingia, D000101 ilijipanga mbele ya D991231, kana kwamba mjukuu amemtangulia babu kuzaliwa.

Mtego wa pili ni usiku. Kazi iliyoanza saa 5.50 usiku ikaisha saa 6.20 ina tarehe mbili. Mswahili asemaye “usiku wa kuamkia Jumanne” ameuhesabu usiku wote kuwa wa siku moja. Kompyuta huukata katikati.

Wa tatu ni mfuatano. Penye nambari, aliyetangulia ni aliyetangulia tu. Penye tarehe, kuondoa siku moja katika Jumatatu huleta Jumapili, siku ambayo huenda kazi haikufanyika, na programu italazimika kufundishwa sikukuu zote.

Kwa hiyo si busara kuchagua kimoja na kukitupa kingine. Nambari itawale urithi, maana ndiyo inayojua nani kamfuata nani. Tarehe iandikwe ndani ya faili, katika rekodi ya kwanza. Nayo iwe tarehe ya hesabu zenyewe, si ya saa mashine ilipofanya kazi. Programu isiguse mshahara wa mtu kabla ya kuisoma. Ikikuta hesabu za siku hiyo zimekwisha kuingizwa, isimame. Palipo lazima kuiweka tarehe katika jina, itumike D2024075, yaani siku ya 75 ya mwaka 2024, ambayo ni tarehe 15 Machi. Alama zake ni 8 kamili, na mwaka haukukatwa.

Mwalimu wa hesabu aweza kulithibitisha jambo hili darasani bila kompyuta. Wanafunzi waandike tarehe kumi za miaka mbalimbali kwa mtindo wa siku kwanza, kisha wa mwaka wenye tarakimu mbili, kisha wa tarakimu nne, na kila mara wazipange kama maneno ya kamusi. Mtindo utakaozipanga kama kalenda ndio unaofaa kukabidhiwa hesabu za watu.