Barakoa Imetoka, Kitambulisho Kibaki

Majoreni watu wanajuana. Unafika dukani, ushaitwa kwa jina. Ndiyo maana wakala akikuomba kitambulisho ukitaka kutoa pesa, wengine hukasirika: "Kwani hunijui?"

Sisi tunasema hivi: anakujua, na bado ni sawa akuulize.

Kumbuka Aprili 2020, serikali ilipoamuru barakoa mahali pa umma. Ghafla nusu ya uso ikafichika. Jirani alikupita bila salamu, si kiburi, hakukutambua tu. Sisi wa Pwani tulikuwa na mazoea kidogo: mama aliyevaa ninja tunamjua kwa sauti na mwendo. Kwa salamu hiyo yatosha. Kwa pesa haitoshi, maana sauti huigwa. Na kwa anayejisitiri ipo njia ya heshima: aonyeshe uso pembeni, kwa wakala mwanamke.

Lakini shida kubwa ya barakoa haikuwa kumjua mtu. Ilikuwa kujua ana hali gani. Tabasamu liko mdomoni, na midomo ikitetemeka pia huonekana hapo hapo. Fikiria mzee amefika kwa wakala, simu iko sikioni, tapeli anamharakisha: "Weka sasa hivi, usikate simu." Wakala anaona macho tu, na foleni ni ndefu. Pesa zinawekwa kwa nambari ya mtu asiyejulikana. Zimeenda.

Barakoa zilikoma kuwa lazima mahali pa wazi Machi 2022. Tapeli hajavua yake, kwa sababu barakoa yake ni simu. Akikwambia "nimekutumia kimakosa, nirudishie," huoni mdomo wala macho. Kata simu kwanza. Angalia salio lako mwenyewe. Nambari ya siri usimpe mtu, hata akijiita mfanyakazi wetu.

Na sisi tukubali letu. Tumewasifu sana mawakala kwa kasi, tukasahau kuwasifu kwa kuuliza. Swali dogo tu, "Mzee, huyu unayemwekea pesa unamjua?", laweza kuokoa ada ya shule ya muhula mzima.

Kwa hivyo ukiulizwa, usinune. Toa kitambulisho, jibu swali, halafu tabasamu. Siku hizi tunaliona.